Mapango ya Marangu: Mkulima auze nini zaidi ya shimo?

MAGARI ya watalii huondoka Moshi mjini asubuhi, yakashika barabara ya Dar es Salaam hadi Himo, kisha yakakata kushoto kupanda Marangu. Ndani yake wamo wageni, waongozaji, wapagazi na magunia ya chakula cha siku tano au sita. Yakipita Marangu Mtoni huwa yamebakiza mwendo mfupi tu kufika lango la Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro (KINAPA).

Pande zote mbili za barabara hiyo kuna vihamba vya migomba na mibuni. Mwenye kihamba huyaona magari hayo yakipanda, na siku chache baadaye huyaona yakishuka. Mgeni amelipa fedha nyingi kufika Kilimanjaro, lakini mara nyingi mkulima aliyepitwa na gari hilo hakuuza hata kikombe kimoja cha kahawa.

Hata hivyo, si kila mgeni anayefika Moshi hupanda mlima. Wapo wenye umri mkubwa, wapo wenye watoto, wapo waliokuja kwa mikutano, na wapo waliomaliza kupanda wakiwa na siku moja ya kupumzika kabla ya kwenda uwanja wa ndege. Tena wapo Watanzania wenyewe wanaorudi nyumbani Desemba na familia zao. Hao wote hutafuta mahali pa kwenda na kurudi siku hiyo hiyo.

Kwa wageni hao, mkoa una vitu vingi: maporomoko ya Kinukamori na Ndoro huko Marangu, maporomoko ya Materuni huko Uru, Ziwa Chala mpakani na Kenya, chemchemi za Kikuletwa wilayani Hai, na mapango yaliyochimbwa na Wachagga wa kale katika maeneo ya Marangu, Mamba na Kilema.

Mapango hayo ndiyo yenye jambo la kumfikirisha mkulima, kwa sababu tofauti na kilele cha Kibo, mengine yamo ndani ya vihamba vya watu.

Handaki la vita

Mapango ya Wachagga hayakutengenezwa na maji wala na volkano. Yalichimbwa kwa mikono. Udongo wa miteremko ya Kilimanjaro umetokana na majivu na miamba ya volkano iliyooza, na katika sehemu nyingi ni mzito na hushikamana kiasi kwamba mtu anaweza kuchimba njia ndani yake bila kuporomoka mara moja.

Sababu ya kuchimba ilikuwa vita. Kabla ya utawala wa Wajerumani, mlima huu haukuwa nchi moja. Kila mteremko ulikuwa na mangi wake, na mamangi hao walipigana kwa ajili ya ng'ombe, ardhi, watu na biashara ya misafara iliyotoka pwani. Horombo wa Keni, Sina wa Kibosho, Rindi wa Moshi na Marealle wa Marangu ni miongoni mwa majina yanayokumbukwa katika historia hiyo. Zaidi ya hayo, Wamasai walipanda kutoka tambarare kuja kuteka mifugo.

Wenyeji husimulia kwamba mlango wa handaki ulikuwa mwembamba ili adui aingie mmoja mmoja akiwa ameinama, na askari aliyejificha ndani akimsubiri na silaha mkononi. Ndani kulikuwa na vyumba vya wanawake na watoto, sehemu ya mifugo, mahali pa kupikia na matundu ya kupitisha hewa. Njia nyingine zilitokea kwenye korongo la mto. Udongo uliochimbwa ulimwagwa mtoni usiku, ili rundo lake lisimwonyeshe adui mahali lilipo handaki.

Vita vilipokwisha mahandaki yaliachwa. Mengine yalizibwa, mengine yaliporomoka, na mengine yakasahauliwa hadi mtu alipokuwa akichimba msingi wa nyumba au shimo la choo. Machache yaliyosafishwa ndiyo yanayoonyeshwa kwa wageni leo, mara nyingi pamoja na nyumba ya asili ya Kichagga iliyoezekwa kwa majani, zana za kale za kilimo na silaha.

Inafaa pia kukumbuka kwamba eneo hilo lilikuwa la wageni tangu zamani. Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann alifika Kilema akitokea pwani, na taarifa yake kwamba mlima una theluji ilibishiwa na baadhi ya wasomi wa London. Safari ya mwaka uliofuata ilimfikisha Machame, ambako bidhaa zake ziliishia kwa Mangi Mamkinga na watu wake kama zawadi alizodaiwa. Enzi hizo, kwa uzuri au kwa ubaya, mwenyeji ndiye aliyepanga bei.

Si kila pango ni mali ya mkulima

Mwenye nia ya kuingia katika biashara hii anapaswa kwanza kutofautisha aina tatu za mapango, kwa sababu kila moja lina sheria yake na mwenyewe wake.

Aina ya kwanza ni mapango ya mlimani, ndani ya hifadhi. Haya yametokana na lava. Wapanda mlima wanayajua kwa majina: Pango la Hans Meyer lililo juu ya mita 5,000 katika njia ya Marangu, Pango la Shira katika njia ya Machame, na mapango ya njia ya Rongai ambayo yamevipa majina vituo vya kulala. Zamani wapagazi walijisitiri humo usiku.

Hifadhi ya Kilimanjaro iliundwa mwaka 1973, ikafunguliwa kwa wageni mwaka 1977, na UNESCO ikaiweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1987. Mwaka 2005 msitu wa hifadhi unaouzunguka mlima nao uliunganishwa na hifadhi ya taifa. Maana yake kwa mwanakijiji ni kwamba mpaka wa hifadhi ulisogea karibu na kihamba chake. Aliye ndani ya mpaka huo ni mgeni wa Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA), na kiingilio chake huenda serikalini. Kijiji hunufaika kwa ajira za uongozaji na upagazi, na kwa miradi ya ujirani mwema kama madarasa na zahanati.

Aina ya pili ni mapango ya asili yaliyohifadhiwa kisheria kama mali ya kale. Mfano maarufu ni Amboni, kilometa nane hivi kutoka Tanga mjini. Hayo ni mapango ya mawe ya chokaa, yaliyochongwa na maji kwa muda mrefu sana. Yapo kadhaa, lakini wageni hutembezwa katika moja tu, wakiwa na mwongozaji na tochi.

Amboni ina uhusiano na Kilimanjaro, walau katika hadithi. Wasimulizi hudai kwamba Wazungu wawili waliingia pangoni na mbwa wao wakapotea, na baadaye mbwa akaonekana karibu na Kilimanjaro, umbali wa zaidi ya kilometa 300. Hakuna ushahidi wa njia hiyo. Lakini hadithi hiyo husimuliwa kwa kila kundi linaloingia, na wageni huondoka nayo. Mfanyabiashara ajifunze hapo kwamba mgeni hununua masimulizi pamoja na mahali penyewe.

Aina ya tatu ni mahandaki ya kuchimbwa yaliyo katika ardhi ya familia au ya kijiji. Hii ndiyo inayomhusu mkulima wa Vunjo moja kwa moja. Ardhi ni ya ukoo, njia ya kufika inapita katika kihamba, na anayefungua mlango ni mwenye nyumba.

Hata hapo sheria ipo. Vitu vya kale vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 na marekebisho yake. Anayekuta handaki, vyungu au silaha za zamani asichimbue ovyo wala kuuza alichokipata. Aanze kwa serikali ya kijiji na ofisa utamaduni wa halmashauri. Aidha, biashara ya kuongoza watalii inahitaji leseni kwa mujibu wa Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, hivyo mwenye pango akubaliane na mwongozaji au kikundi chenye leseni iwapo yeye mwenyewe hana.

Nusu saa haitoshi

Tatizo kubwa la pango kama biashara ni ufupi wake. Mgeni akishaingia, akainama, akasikiliza habari za vita na kutokea upande wa pili, huwa ametumia nusu saa au pungufu. Akitoka nje na kukuta uwanja mtupu, atapanda gari na kuondoka. Mwenye pango amepata kiingilio tu.

Wakulima waliowahi kushiriki Mpango wa Utalii wa Utamaduni wanalifahamu hilo. Mpango huo ulianza katikati ya miaka ya 1990 kwa ushirikiano wa Bodi ya Utalii Tanzania (TTB) na shirika la SNV la Uholanzi, na Mamba na Marangu ni miongoni mwa maeneo yaliyoingizwa. Wazo lake lilikuwa rahisi: mgeni atembezwe kijijini kwa miguu, aone mifereji ya asili ya umwagiliaji inayoitwa mifongo, ahunzi wakifua mikuki na majembe, maporomoko, mashamba na nyumba za watu, na kila anayemhudumia alipwe.

Nacho Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro (KNCU), kilichoanzishwa mwaka 1933, kilikuja na mradi wa Kahawa Shamba katika miaka ya 2000. Wanachama walimwonyesha mgeni kahawa tangu mbuni hadi kikombe. Mradi huo haukuzuka bila sababu. Mwaka 2001 wastani wa bei ya kahawa katika soko la dunia ulishuka chini ya senti 50 za Marekani kwa ratili, na wakulima wengi walikuwa wakijiuliza kama kuna haja ya kuendelea kupalilia mibuni.

Hapo ndipo ilipo siri ya kihamba cha Mchagga. Karibu kila anachotaka kuona mgeni wa nusu siku kipo ndani ya eneo dogo: migomba juu, mibuni chini yake, maharage na magimbi pembeni, ng'ombe bandani, mfongo ukipita, na sale mpakani. Sale, mmea unaoheshimiwa kama alama ya amani na msamaha, peke yake ni somo la dakika kumi kwa mgeni asiyejua.

Kahawa inaongeza muda zaidi. Katika miteremko ya kusini mavuno huanza katikati ya mwaka na kuendelea hadi karibu na mwisho wake. Miezi ya Julai hadi Oktoba ni mavuno, na ndiyo pia miezi ya wageni wengi. Mgeni anaweza kuchuma mwenyewe buni mbivu, kuzimenya kwa mashine ya mkono, kuona zinavyochachushwa, kuoshwa na kuanikwa kwenye kichanja. Kwa kuwa kukauka huchukua siku nyingi, mwenyeji huweka tayari kahawa iliyokauka ili itwangwe kwenye kinu, ipepetwe, ikaangwe chunguni na kusagwa hapo hapo. Kazi hiyo humaliza saa moja na nusu, na mwisho wake mgeni amekaa kwenye benchi akinywa alichokaanga.

Akifika hapo ameshaona njaa. Mtori, machalari au kiburu huuzwa bila kutangazwa.

Hesabu ya kundi moja

Ili mkulima aone tofauti, lichukuliwe kundi la wageni sita. Bei zifuatazo ni za mfano wa hesabu tu; kila mmoja aweke bei za mahali pake.

Wakilipa kiingilio cha pangoni sh. 10,000 kila mmoja, jumla ni sh. 60,000. Atoe sh. 15,000 za mtembezaji, sh. 10,000 za taa na matengenezo, na sh. 5,000 za mchango wa kijiji. Kinachobaki ni sh. 30,000.

Wageni hao hao wakionyeshwa kahawa kwa sh. 8,000 kila mmoja, zinaingia sh. 48,000. Gharama za kuni, kahawa na msaidizi zikiwa sh. 13,000, zinabaki sh. 35,000.

Wakila chakula cha mchana cha sh. 12,000 kila mmoja, zinaingia sh. 72,000. Nusu ikienda kwenye ndizi, nyama, viungo na mpishi, zinabaki sh. 36,000.

Watatu kati yao wakinunua kila mmoja mfuko wa nusu kilo wa kahawa iliyokaangwa kwa sh. 10,000, zinaingia sh. 30,000. Gharama ya kahawa yenyewe, kukaanga na mfuko ikiwa sh. 14,000, zinabaki sh. 16,000.

Jumla ya kinachobaki ni sh. 117,000, karibu mara nne ya pango peke yake. Tena zile zilizoitwa gharama hazikupotea. Zimekwenda kwa jirani aliyeuza mkungu wa ndizi, mwenye bucha, mama aliyepika na kijana aliyeshika taa.

Hesabu hiyo inaonyesha pia hatari yake. Endapo kampuni ya mjini italeta kundi kwa bei iliyokwisha kupangwa, na chakula kikaja kimefungwa kwenye maboksi kutoka hotelini, mwenye kihamba atabaki na kiingilio. Ndiyo maana mazungumzo na wenye magari yafanyike mapema na yaandikwe: kundi litakaa saa ngapi, litakula wapi, nani atalipa na lini. Kulipwa mwisho wa mwezi kwa ahadi ya mdomo kumewaumiza wengi katika biashara ndogo.

Mwenye kuuza kahawa ya kukaanga aulize chama chake cha msingi na Bodi ya Kahawa Tanzania kuhusu vibali kabla ya kuweka mifuko mezani. Anayetaka kuuza mbege naye akumbuke leseni ya vileo.

Wauza vifaa wa Moshi mjini nao wana nafasi. Mgeni wa pangoni hahitaji koti la baridi kali wala mfuko wa kulalia vya kukodi kama mpanda mlima. Anachohitaji ni tochi ya kichwani, viatu visivyoteleza na nguo za kuchafuka. Muuza mitumba wa Memorial anaweza kuwa na vyote hivyo kwenye meza moja.

Fundisho la Kentucky

Wakulima kushindania wageni wa mapango si jambo geni duniani. Katika jimbo la Kentucky nchini Marekani kuna Mammoth Cave, pango refu kuliko yote yanayojulikana, ambalo njia zake zilizopimwa zimezidi kilometa 600. Mwanzoni mwa karne ya 20 wakulima maskini wa eneo hilo waligundua kwamba mashamba yao nayo yana mapango, na kila mmoja akataka wageni.

Ushindani ukageuka ugomvi. Walikuwapo watu wa kusimama barabarani kusimamisha magari na kuwageuza watalii waliokuwa wakielekea kwa jirani, wakiwaambia kwamba pango la mwenzao limefungwa au halina maana. Wenyeji wa stendi ya Moshi wanaowajua wapiga debe hawatashangaa.

Miongoni mwa wakulima hao alikuwapo Floyd Collins. Mwaka 1917 aligundua pango zuri chini ya shamba la familia yake, lakini lilikuwa mbali na barabara kuu na wageni waliishia kwa majirani. Akaamua kutafuta pango lingine lililo karibu na barabara. Januari 30, 1925 alikuwa peke yake ndani ya njia nyembamba jiwe lilipomwangukia mguuni na kumbana. Kwa zaidi ya wiki mbili waokoaji walihangaika huku maelfu ya watu wakikusanyika juu kutazama, na wachuuzi wakiwauzia chakula. Walipomfikia alikuwa amekwisha kufa.

Mwaka 1941 eneo hilo likawa hifadhi ya taifa, na familia nyingi zilihamishwa ili kupisha hifadhi hiyo.

Kwa wakulima wa Kilimanjaro, mkasa huo una mafundisho mawili. La kwanza ni kwamba mwenye pango zuri lililo mbali na lami hashindi kwa kuchimba lingine karibu na lami. Hushinda kwa kukubaliana na mwenye maporomoko, mwenye kahawa na mpishi, wakawa na njia moja na tiketi moja ya mzunguko. La pili ni kwamba haraka ya kupata wageni isitangulie usalama.

Kabla ya kufungua mlango

Handaki la udongo si pango la mawe. Mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, hulainisha udongo, na kilichosimama miaka 150 kinaweza kushuka katika usiku mmoja. Mwenye handaki alikague kila siku kabla ya mgeni wa kwanza, hasa paa na mlango. Akiona nyufa mpya, udongo uliodondoka au maji yanayotiririka, alifunge hadi mtaalamu wa ujenzi aliangalie. Mihimili iwekwe mahali penye shaka.

Juu ya handaki pasipite gari wala pasijengwe kitu kizito. Mfongo usiruhusiwe kumwaga maji juu yake. Ndani pasiwashwe jiko la mkaa wala moto wa aina yoyote, kwa kuwa hewa ni kidogo na gesi ya mkaa huua bila harufu. Taa za betri ndizo salama. Wageni waingie wachache wachache, wahesabiwe wanapoingia na wanapotoka, na mtu mmoja abaki nje wakati wote.

Kuna pia suala la popo. Katika Mlima Elgon nchini Kenya, mwaka 1980 na mwaka 1987 watu wawili waliotembelea pango la Kitum waliugua ugonjwa wa Marburg na kufariki dunia. Mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alikufa kwa ugonjwa huo huo baada ya kuingia katika pango la popo na chatu lililo msitu wa Maramagambo, Uganda. Nchini Tanzania kwenyewe, ugonjwa wa Marburg ulitangazwa mkoani Kagera mwaka 2023 na tena mwaka 2025.

Waganda hawakuacha biashara hiyo ife. Kilijengwa kibanda cha kutazamia mbali kidogo na mdomo wa pango, na wageni hutazama popo kutoka humo bila kuingia. Mwenye handaki Kilimanjaro akikuta popo wamehamia, asiwashike wala kuwafukuza kwa mikono, asiwapeleke wageni ndani, na awaulize maofisa wa afya na wanyamapori wa halmashauri.

Mibuni ising'olewe

Utalii una msimu, na unaweza kukatika ghafla. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona uliposimamisha ndege, magari yaliyokuwa yakipanda Marangu kila asubuhi yalikoma. Waongozaji, wapagazi, wauza vinyago na wenye mahoteli walibaki bila kazi kwa miezi. Aliyekuwa na kihamba kilichotunzwa aliendelea kula ndizi, kukamua ng'ombe na kupeleka kahawa kwenye chama cha msingi.

Kwa hiyo mkulima anayefungua pango asikate mibuni kupata nafasi ya kuegesha magari. Mgeni huvutwa na kihamba kilicho hai: migomba yenye mikungu, kahawa iliyokatiwa vizuri na samadi iliyowekwa mahali pake. Kihamba kikifa, handaki litabaki shimo katikati ya uwanja, na mashimo yapo kila mahali.

Hatua za kuanzia si za gharama kubwa. Majirani watano au sita walio katika njia moja wakutane, waorodheshe walichonacho, wapange nani afanye nini na mgao uweje, wafungue kitabu cha mapato na daftari la wageni, kisha wawaone viongozi wa kijiji na halmashauri. Vijana wafundishwe historia kwa wazee wangali hai, maana wanaojua majina ya wapiganaji na mahali mahandaki yalipoishia wanapungua kila mwaka.

Choo safi kiwepo kabla ya bango la barabarani. Maji ya kunawa yawepo kabla ya chungu cha mtori. Na bei iandikwe ubaoni, moja kwa kila mgeni wa aina yake, ili Mtanzania anayewaleta wanawe Desemba asione haya kuuliza, naye mgeni kutoka ng'ambo asidhani amelanguliwa.

Magari yataendelea kupanda Marangu kila asubuhi. Mengi yatakwenda moja kwa moja langoni, na hayo hayana haja ya kukimbizwa. Lakini litakalopunguza mwendo likute mlango uko wazi, paa limekaguliwa, kinu kiko uani na maji yako motoni.